Kinasikia Sana

Jioni ile kinyozi alifunga duka kabla jua halijazama, akapitia kwa wauza vyuma chakavu kutafuta transfoma. Transfoma tu, ndogo, ya kushusha umeme, ili amalizie visanduku vya kuongelea alivyokuwa akivijenga stoo kwa wiki tatu sasa. Kimoja kingekaa jikoni kwa mke wake, kingine stoo kwake. Chakula kikiwa tayari, mke angebonyeza kitufe na kusema, badala ya kugonga sufuria kwa mwiko mpaka mtaa mzima ujue kwamba kwa kinyozi sasa wanakula.

Mchana mikono yake ilikuwa ya vichwa vya watu, jioni ilikuwa ya waya. Hakusomea mambo hayo popote. Alijifunza kwa kuharibu redio za mashemeji zake, moja baada ya nyingine, hadi siku moja akaifungua moja na ikapona. Tangu hapo hakutibika tena.

Transfoma aliipata upesi. Alikuwa anaondoka alipomwona yule mwanamke.

Alikuwa amekaa juu ya jokofu bovu lililolazwa chini. Leso ilimzunguka mdomo na kufungwa kisogoni. Mapajani alikuwa na kisanduku cheusi cha mbao, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto. Mbele yake kilikuwa na wavu wa kipaza sauti, na juu ya wavu kidirisha cha kioo chenye sindano nyembamba ndani, kama ya kipimo cha umeme. Kipande cha katoni kilikuwa kimeegemezwa hapo, kimeandikwa kwa mkaa:

KINASIKIA SANA

Moyo wa kinyozi uliruka kwa furaha. Kipaza sauti chake mwenyewe kilikuwa kiziwi. Ukisema "chai" kinapeleka "hai".

"Kinasikia kweli, dada?"

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Hata ukinong'ona?"

Machozi yakamtoka yule mwanamke, yakalowesha leso. Kinyozi alipouliza anataka nini kwacho, alimsukumia tu mikononi. Kisha akanyoosha vidole viwili na kumbana midomo. Aliibana kwa nguvu hasa, mpaka jino likamchana kinyozi mdomo kwa ndani na akaonja damu. Mkono ule ulinuka nywele zilizoungua. Kinyozi anaijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote.

Kabla hajajitoa, mwanamke alikwisha kumwachia. Akaondoka akitembea, halafu akikimbia.

"Wendawazimu nao wana bidhaa zao," kinyozi alisema, akafuta mdomo, akaenda zake nyumbani.

Sebuleni alimkuta mama mkwe wake akichambua maharage kwenye ungo, akiimba puani. Alikuwa na mwezi wa tatu pale, goti likimsumbua, na nyumba ilikuwa imemzoea kwa ule wimbo wake usiokatika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umetuletea takataka gani?"

"Si takataka, mama. Ni masikio."

"Masikio!" Bibi akacheka. "Basi wanaume wa nyumba hii ndio waanze kugawiwa."

Mke wake alicheka jikoni mpaka akapaliwa. Kinyozi naye akacheka, akaingia stoo, akajifungia. Alikuwa mtu mwenye furaha jioni ile, na hilo linauma kulieleza.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kinyozi ambalo lazima lisemwe. Alikuwa anaongea na vifaa vyake. Na hakuviita kwa majina ya dukani, aliviita ukoo. Kapasita nene ilikuwa shangazi. Transista yenye miguu mitatu ilikuwa mjomba na fimbo yake. Na transfoma, kila transfoma iliyowahi kupita mezani pake, ilikuwa mama mkwe, kwa sababu hunung'unika kutwa kucha na wewe huna la kufanya. Utani huo ulikaa stoo, mlango umefungwa. Mkwe ni mtu wa heshima, hataniwi machoni pake.

Na lugha ya kazi yenyewe ni ya machinjioni. Redio isiyopona unaichinja, uchukue viungo vyake. Waya unauchuna. Mjomba unamkata miguu iliyozidi. Mwisho kila kitu unakipiga risasi, maana risasi ndiyo ile inayoyeyushwa ili kuunganisha. Mafundi husema hayo siku nzima, na hakuna anayekufa.

Aliwasha taa ya mezani, akafungua kisanduku kwa bisibisi.

Ndani hapakuwa na sumaku. Hapakuwa na koili, wala mahali pa betri. Palikuwa na nta nyeusi iliyogandamana, na ndani ya nta, nywele. Nyeusi, nyeupe, laini, za kipilipili... Kinyozi hakosei nywele. Zile zilikuwa za watu kumi, au zaidi.

Mtu mwenye akili angekifunga hapo hapo. Lakini mchezea waya akiona kitu asichokielewa, ndipo kwanza anavuta kiti.

Akakiweka pembeni, akakikazia mfuniko, akaichomeka transfoma kuijaribu. Ikaanza kunguruma.

"Tulia, mama mkwe," akaiambia kwa utani. "Usinung'unike."

Ile sindano ikapanda, ikagonga mwisho wa kioo.

Tik.

Transfoma iliendelea kunguruma vilevile. Ni ule wimbo wa sebuleni uliokatika, katikati ya neno. Kinyozi alidhani bibi amechoka.

Akachomoa umeme. Waya tatu za transfoma zilikuwa zimepakwa rangi, na risasi haishiki juu ya rangi. Akachukua wembe wake wa zamani wa dukani, aliouleta nyumbani kwa kazi kama hizo.

"Haya, mama mkwe. Leo nakuchuna."

Tik.

Akauvuta wa kwanza na kuukwangua, upana wa vidole viwili, mpaka shaba ikang'aa. Wa pili. Nyumba ilikuwa kimya. Aliupenda ukimya huo. Wa tatu...

Sebuleni, ungo ukaanguka.

Maharage yakamwagika sakafuni, yote, yakabingirika mpaka chini ya mlango wa stoo.

Kisha mke wake akapiga ukelele.

Kinyozi alitoka mbio na wembe mkononi. Mama mkwe alikuwa bado kwenye kiti chake. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, shingo imemsimama mishipa, macho yamemtoka, anapiga kelele kwa mwili wake wote. Na hakuna sauti iliyotoka. Hata mkoromo. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuinua mbele ya uso, na damu ilikuwa ikishuka kiwikoni, ikidondokea maharage.

Ngozi haikuwepo. Ilikuwa imebanduliwa vipande vitatu, kingo zimenyooka.

Upana wa vidole viwili kila kimoja.

"Mama! Mama, nani amekufanya hivi?" Mke wake alikuwa magotini, akijaribu kuuzungushia mkono ule kanga yake. Akainua macho. Aliuona wembe.

"Nilikuwa stoo," kinyozi alisema.

"Najua. Nimekusikia unaongea huko." Lakini macho yake hayakuuachia wembe. "Lete taulo. Lete taulo, wewe bwana, usisimame hapo!"

Wembe ukamdondoka. Akarudi stoo kuchukua taulo safi za dukani, na hapo mezani, chini ya taa, zilikuwepo waya tatu, zimechunwa, zinang'aa. Kwenye kisanduku sindano ilikuwa imesimama juu, inatetemeka. Inasubiri.

Baada ya kuchuna, inafuata risasi. Ndivyo kazi inavyokwenda. Neno lilikuwa tayari ulimini mwake, kwa mazoea tu ya miaka kumi. Sasa mama mkwe nikupige...

Akajibana midomo kwa vidole viwili.

Ndipo alipoelewa. Mtoto mtiifu tunasema anasikia, na mkaidi tunasema hasikii. Neno ni lilelile. Yule mwanamke hakuandika kwamba kisanduku kina masikio mazuri. Aliandika kwamba kina utii.

Akainama mpaka kwenye wavu, jasho likimchuruzika puani.

"Pona," akanong'ona. "Mama mkwe, pona."

Sindano ikashuka. Ikalala.

"Ongea, mama. Lia. Ngozi yako irudi... tafadhali."

Ikabaki imelala. Kumbe hata utii una uchaguzi wake.

"Unafanya nini?" Mke wake alikuwa mlangoni, mikono imelowa damu. "Unanong'ona na nani? Taulo ziko wapi? Mama ana..."

Sindano ikapanda.

Kinyozi alijua neno linalofuata. Kila mtu analijua. Mama anakufa. Tunalisema hata kwa kichomi.

Akaruka.

Alimvamia mke wake mlangoni, akamziba mdomo kwa kiganja, wakaenda wote mpaka ukutani. Kichwa cha mke kiligonga tofali. Mdomo wake ukapasuka chini ya mkono wa mumewe. Akamkwaruza macho. Akampiga goti tumboni. Kinyozi hakumwachia. Angemwambia nini? Kumweleza ni kusema, na kusema mbele ya kitu kile ni kuua. Mke akamng'ata kiganja, meno yakazama mpaka kwenye mfupa, na kupitia katikati ya vidole neno likaanza kutoka, la moto, lenye mate na damu.

"Unani..."

Akakaza zaidi. Akamziba na pua. Alimpenda mke wake. Alimpenda toka siku ya kwanza, na alikuwa akimnyima pumzi, huku akilia machozi yakimdondokea mkewe usoni.

Mke akaipiga teke meza. Taa ikaanguka. Kile kisanduku kikabingirika sakafuni kikatua wima, wavu juu. Miguu ya mke ikalegea, na kinyozi akaondoa mkono haraka. Alikuwa anapumua. Akamlaza chini. Akaokota nyundo ili akisage kile kitu.

Hapo ndipo majirani walipoingia.

Tuwaelewe. Waliona bibi kizee amechunwa mkono sebuleni, wembe umelala kwenye damu, mwanamke yuko sakafuni na mdomo uliopasuka, na mwanamume amesimama juu yake ameinua nyundo. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

"Mvunjeni mkono huo!" alipaza sauti fundi baiskeli wa jirani, na fimbo yake hewani.

Tik.

Mkono wa kulia wa kinyozi ukavunjika. Mara mbili. Mfupa ukachomoza juu ya kifundo, nyundo ikaanguka. Fimbo ilikuwa bado hewani. Fundi baiskeli aliyaona hayo kwa macho yake, na mpaka leo hashiki fimbo, hata ya kufukuzia mbwa, ingawa ukimuuliza sababu atakuuliza wewe unataka pampu au tairi.

Wengine hawakuona. Wao walikuwa na hasira, na hasira ina maneno yake. Kinyozi aliona midomo yao ikifunguka, akajua kinachokuja. Hakukimbia. Alijitupa chini juu ya kisanduku, akakikumbatia, akakizika tumboni mwake kama kuku anavyofunika vifaranga.

Wakampiga. Walimpiga kwa mateke na kwa mguu wa kiti. Walimpiga kwa mashine yake ya kuyeyushia risasi, aliyokuwa ameiacha ikipata moto, ikamuunguza shingo. Mbavu tatu zilivunjika. Juu yake walikuwa wakipaza sauti yale ambayo umati hupaza, na chini yake, kwenye nyama ya tumbo, alisikia sindano ikigusagusa kioo, tik... tik... inayasikia kwa mbali, haiyapati vizuri. Akajikunja zaidi. Hakutoa hata sauti. Walidhani anaficha kisu.

Polisi walipofika walimkuta amezimia, amekunjamana hivyohivyo. Waliokuwa pale wanasema ilichukua watu wanne kumnyoosha.

Hospitali walimlaza chumba cha peke yake, mkono wa kulia umewekwa plasta mpaka vidoleni, wa kushoto umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Siku tatu aliulizwa maswali. Siku tatu hakufumbua mdomo. Hata jina lake hakulitaja. Mpelelezi alisema huyu ama ni mjanja sana ama amerukwa na akili. Hakuwa hivyo wala hivyo. Hakujua kisanduku kiko wapi. Hakujua kinasikia hadi umbali gani.

Alipata muda wa kumfikiria yule mwanamke wa kwenye jokofu. Mwanzoni aliamini chini ya ile leso hakuna ulimi. Baadaye akawaza vingine. Pengine ulimi ulikuwepo mzima. Pengine mtu alimwambia anyamaze, basi, na kisanduku kikasikia. Na mtu huyo pengine alikuwa anampenda.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, mke wake alikuja. Mdomo wake ulikuwa na nyuzi mbili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani. Askari alisimama nje ya mlango akimenya chungwa.

"Mama anaendelea," alisema polepole. "Vidonda vinakauka. Lakini hasemi. Daktari anasema ni mshtuko. Hata akisafishwa kidonda halii, anatoa machozi tu." Akajikohoza. "Jana aliomba kalamu. Ameandika hukuwa karibu naye. Ameandika hukumgusa."

Kinyozi alimtazama, akaanza kulia.

"Basi mimi nimekuja. Sijaja kugombana. Nataka kukuamini, unasikia? Mtu niliyelala naye miaka kumi na moja, nataka kumwamini. Lakini nipe kitu cha kushika. Sema neno moja."

Ile harufu ikamfikia. Nywele zilizoungua. Ilikuwa inatoka kwenye mkoba.

"Polisi hawakukitaka," mke wake alisema, akifungua zipu. "Wanasema ni kibovu. Lakini uliking'ang'ania huku wanakupiga, nikasema lazima nikuulize. Kina nini hiki?"

Akakiweka juu ya shuka, kati yao.

Sindano ilisimama juu. Ilikuwa inatetemeka.

Kinyozi alitikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka pingu ikalia kwenye chuma. Akauinua mkono wenye plasta. Vidole viwili tu ndivyo vilivyotokeza nje. Akavinyoosha kuelekea midomo ya mke wake. Havikufika. Mke wake aliviona vinamjia, akavidaka, akavikumbatia kwa mikono yote miwili shavuni. Alidhani ni mapenzi. Na kweli yalikuwa ni mapenzi.

"Usinifanyie hivi," alisema. "Nyumba imekuwa kaburi. Mama kimya. Wewe kimya. Mimi naongea na sufuria. Ukimya wenu huu, mume wangu..."

Aliliona neno likija. Alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Alijua neno la aina moja ambalo kisanduku kinalikubali, la kunyamazisha, alikwisha kulijaribu bila kujua, juu ya bibi na wimbo wake. Lingemnyang'anya mke wake sauti mpaka siku ya kufa kwake. Lakini siku hiyo ingekuwa mbali.

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, kinyozi alifungua mdomo.

"...utaniua."

"Nyamaza, mke wangu!"

Yalitoka pamoja.

Sindano ikagonga kioo. Mara moja tu.

Tik.

Kilikuwa kimemsikia mmoja wao. Mke wake alikuwa amekodoa macho, mdomo wazi, hakuna kilichotoka. Nje askari aliendelea kumenya chungwa lake. Kinyozi akavibana vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono wa mke wake, pale mshipa unapopiga, akasubiri kujua kimemsikia nani.